Eksirei ipo Ngara na Biharamulo, msomaji yuko wapi?

Na Mwandishi Wetu

KWA muda mrefu mjadala kuhusu huduma za mionzi katika hospitali za wilaya umekuwa mjadala wa mashine. Iliyonayo huhesabiwa kuwa imefika, na isiyonayo huahidiwa kuletewa.

Hata hivyo, kwa wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, liko swali zito zaidi: picha ikishapigwa, nani ataisoma, na ataisomea kwenye nini?

Wilaya hizo, ambazo katika Sensa ya mwaka 2012 zilikuwa tayari na watu zaidi ya 640,000, zinategemea kwa sehemu kubwa hospitali za mashirika ya dini kama Murgwanza, Rulenge na Biharamulo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba, na ile ya Kanda ya Bugando iko Mwanza. Hospitali ya Kanda ya Chato imewapunguzia safari watu wa Biharamulo, lakini kwa mgonjwa wa Ngara mwendo bado ni mrefu.

Ni kweli kwamba Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko kuelekea Mwanza. Lakini majeruhi wa ajali ya lori katika barabara ya Lusahunga–Rusumo, ambaye damu inavuja ndani ya fuvu, hana saa za kupoteza. Picha yake inaweza kufika kwa bingwa kabla yeye hajapakiwa kwenye gari.

Hapo ndipo programu za kompyuta za kuangalia picha za tiba zinapoingia. Mashine za kisasa huhifadhi picha katika mfumo uitwao DICOM, unaotumika kwa jina hilo tangu mwaka 1993, ili faili la mashine ya kampuni moja lisomeke kwenye programu ya kampuni nyingine.

Kwa programu hiyo daktari hukuza picha, hubadili mwanga wake ili aone mfupa kisha pafu, hupima ukubwa wa uvimbe na kulinganisha picha ya leo na ya mwezi uliopita. Baadhi ya programu hizo hupatikana bila malipo. Kwa maneno mengine, bei ya programu si kisingizio.

Tatizo ni njia ya mkato: kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu ya mkononi na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Eksirei ya kidijitali inaweza kubeba zaidi ya ngazi 4,000 za weusi na weupe. Picha ya kawaida ya simu hubakiza 256 kwa kila rangi, kisha hubanwa tena wakati wa kutumwa. Ufa mwembamba wa mfupa, au hewa kidogo iliyovuja pembeni mwa pafu, vinaweza kupotelea humo.

Wapo watakaosema picha ya simu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ina ukweli usiku wa dharura. Lakini dharura ikigeuzwa utaratibu wa kila siku, atakayeumia ni mgonjwa.

Ipo pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Faili la DICOM hubeba jina, umri na jinsi ya mgonjwa, na picha iliyosambaa kwenye kundi la watu hairudishwi.

Aidha, watengenezaji wa baadhi ya programu za bure hutoa tahadhari kwamba hazikuidhinishwa kwa kutambua ugonjwa. Daktari anayezitumia anapaswa kulijua hilo, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inapaswa kutoa mwongozo unaoeleweka hadi ngazi ya wilaya.

Mashine peke yake pia haitoshi kuwa jibu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali programu zinazosoma zenyewe eksirei za kifua ili kubaini wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Hata huko, anayeshukiwa bado hupimwa kwa njia nyingine.

Kinachotakiwa basi ni makubaliano ya maandishi kati ya hospitali za wilaya na za rufaa: nani anapokea picha, anajibu ndani ya muda gani, na analipwa kutoka fungu lipi. Halmashauri nazo zitenge fedha za kioo chenye ubora, intaneti ya uhakika na mafunzo kwa madaktari wake.

Bila hayo, gharama itaendelea kubebwa na familia inayouza mbuzi kulipia safari ya Mwanza, ikafike huko na kuambiwa jambo ambalo bingwa angeweza kulisema akiwa mezani kwake.