Uzamivu: Kwa nini mada nzuri haitoshi kwenye andiko la utafiti?

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwenye shahada ya umahiri hufika ngazi ya mhadhiri msaidizi na kusimama hapo. Ili awe mhadhiri anahitaji shahada ya uzamivu. Fedha za kuwasomesha wanataaluma zimeongezeka kupitia mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021. Lakini kabla ya fedha na hata kabla ya barua ya udahili, kuna kurasa chache ambazo mwombaji lazima aziandike mwenyewe: andiko la utafiti. Hapo ndipo safari za wengine huishia.

Kwa nini andiko hilo lina uzito?

Marekani, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huanza na masomo ya darasani, hufanya mitihani, kisha ndipo hutetea andiko lake. Tanzania, kama ilivyo Uingereza, programu nyingi za utafiti humtaka mwombaji aje na andiko, au angalau muhtasari wake, tangu siku ya kuomba nafasi. Anapimwa kwa kazi ambayo bado hajaifanya.

Wanaolisoma hawatafuti majibu. Wanatazama mambo matatu: je, mwombaji anajua kuuliza? Je, kazi hii inawezekana kwa miaka mitatu au minne? Na je, chuoni kuna mtu wa kuisimamia? Hilo la tatu husahaulika sana. Andiko zuri linaweza kukataliwa kwa sababu tu idara haina msimamizi wa eneo hilo. Ndiyo maana ni busara kumwandikia mapema mhadhiri ambaye kazi zake umezisoma.

Mada si swali

Tuchukue mfano wa karibu. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa miaka mingi sasa aina ya kotoni, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto la bahari na magonjwa.

Mwombaji akiandika "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani Zanzibar", ameandika mada. Athari zipi? Kwa nani? Zipimwe vipi? Na baada ya tafiti nyingi kufanyika, yeye analeta kipi kipya?

Sasa tujaribu hivi: kulima kwenye maji ya kina kunaweza kuukinga mwani na joto, lakini kunahitaji chombo na kujua kuogelea. Je, wanawake wa kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja huamuaje kuhamia huko, kubaki ufukweni au kuacha kilimo? Hilo ni swali. Linataja nani, wapi na jambo gani, na lenyewe linaanza kuonyesha mbinu: mahojiano ya kina, kukaa kijijini, kufuatilia misimu. Mapitio ya maandiko nayo yanapata kazi. Badala ya kuorodhesha nani alisema nini, yanaonyesha wapi waliotangulia waliishia.

Ratiba na vibali

Udhaifu mwingine uko kwenye ratiba. Utafiti unaohusu afya ya binadamu Tanzania Bara hupitia tathmini ya maadili, na NIMR ndiyo taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hushughulikia vibali vya utafiti. Zanzibar ina utaratibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamgusa anayekusanya majina, namba za simu au taarifa za afya za watu. Ratiba inayoanza kukusanya data mwezi wa pili bila kutaja vibali humwambia msomaji kwamba mwombaji hajaulizia chochote.

Akili mnemba na waandishi wa kulipwa

Leo programu ya akili mnemba inaweza kutoa kurasa kumi kwa dakika chache, na wapo watu wanaoandikia wenzao kwa malipo. Kurasa hizo huwa laini, lakini zinaweza kutaja vitabu ambavyo havipo. Halafu kuna usaili. Mwombaji akiulizwa kwa nini amechagua kijiji hiki na si kile, au kwa nini watu 30 na si 300, hakuna wa kumjibia.

Wanaoumia si waombaji peke yao. Andiko lisilo na swali likipita, mtu anaweza kukaa miaka sita au saba akitafuta alichokuja kutafuta, huku ufadhili umekwisha na wanafunzi wake wanamsubiri darasani.

Kwa wanaojiandaa, tunapendekeza jaribio moja kabla ya kutuma. Mweleze swali lako kwa dakika mbili mtu asiye wa fani yako: mama muuza samaki, dereva wa daladala au jirani. Akikuuliza "sasa utajuaje?", uko njiani na jibu lako ndilo sehemu ya mbinu. Akikwambia tu "hongera, mada nzuri", rudi mezani.