Newala siyo Silverstone, kiache kitufe hicho

Kuna mdogo wangu mmoja wa Newala, Msimbazi damudamu. Namungo wakiwakaribisha Simba kule Ruangwa, anajaza wenzake kwenye Harrier yake, wanashuka Masasi, wanapita Nachingwea, hao uwanjani. Safari ya mwisho nilikaa kiti cha mbele. Kabla hatujaanza mteremko, akabonyeza kitufe chenye picha ya gari linaloserereka. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi.

Nikamuuliza, vipi tena? Akacheka. "Kaka, hiyo kitu inabana gari. Hata Hamilton hatumii."

Kuhusu Hamilton yuko sahihi. Kwa mengine yote, kajifunga mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari ya Formula 1 yalijaa kompyuta. Williams iliyompa Nigel Mansell ubingwa 1992 ilikuwa na springi zinazojirekebisha zenyewe na mfumo wa kuzuia matairi yasizunguke ovyo. Wakubwa wakaona dereva anageuka abiria, wakaipiga marufuku misaada hiyo kuanzia msimu wa 1994. Ule wa matairi ulirudi 2001, ukafutwa tena 2008, na mpaka leo haupo. Sababu ni mchezo. Mtu analipa kiingilio aone mguu wa dereva, kama sisi tulivyokuwa tunalipa kuona mguu wa Chama.

Lakini angalia uwanja wanaochezea. Silverstone dereva anapita kona ileile mara 52 kwenye mbio moja. Wote wanakwenda upande mmoja. Akikosea, pembeni kuna eneo la wazi la kupunguza mwendo, halafu ukuta wa matairi. Ana helmeti, ana mikanda ya mabega, na daktari yupo palepale anasubiri.

Sasa njoo Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Simama Shimo la Mungu uchungulie bonde la Ruvuma kule chini, utaelewa nasema nini. Ukishuka kuelekea Masasi, kona inayofuata inaweza kuwa na bodaboda iliyobeba gunia la korosho, mbuzi, au mama na ndoo yake kichwani. Hakuna ukuta wa matairi. Kuna mkorosho.

Na kile kitufe kinazima nini hasa? Kwenye Toyota herufi zake ni VSC. Kompyuta inalinganisha usukani unakoelekezwa na gari linakokwenda kweli. Vikitofautiana, inapunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya tairi moja tu. Mkia ukichomoka kwenye kona, inakamata tairi la mbele la upande wa nje, gari linarudi kwenye mstari. Wewe una pedali moja ya breki kwa matairi yote manne. Hata uwe fundi wa usukani kiasi gani, hiyo kazi huiwezi.

Mwaka 1997 waandishi wa Sweden waliijaribu Mercedes A-Class kwa kuikwepesha ghafla, kama mtu anayemkwepa mnyama barabarani. Gari likapinduka. Kampuni haikuwaambia wateja wakajifunze kuendesha. Ilifunga mfumo huu kwenye kila A-Class. Tangu Novemba 2014, Ulaya hakuna gari dogo jipya linalouzwa bila mfumo wa namna hii.

Najua wazee wa mchanga mtanirukia. Ni kweli, gari likizama kwenye mchanga mzito, mfumo unaona matairi yanazunguka bure, unakata nguvu ya injini, na wewe hutoki. Hapo zima, toka, halafu washa tena. Ni kama kipa kupanda kwenye kona dakika ya 90. Ruksa, ila mpira ukiondolewa arudi golini, asibaki mbele mechi nzima.

Tena mfumo huu haufanyi miujiza. Matairi yakiwa vipara, hauna cha kushika. Ukibeba watu tisa kwenye gari la watano na ukaingia kona kwa kasi, utakwenda nao porini. Na taa ile ikiwaka yenyewe bila wewe kugusa kitu, mwone fundi akague. Usimwambie aifiche isikusumbue.

Nayaandika haya kwenye kurasa za michezo kwa sababu barabara ni sehemu ya mechi zetu. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Mechi yao iliyofuata, dhidi ya Simba, ikaahirishwa. Wale ni wachezaji, tulisikia nchi nzima. Shabiki akiishia kwenye korongo, ligi haiahirishi kitu. Kinachobaki ni jezi moja haivaliwi tena na mama mmoja Newala anasubiri mlangoni.

Siku ile mdogo wangu nilimwambia akiwashe au nishuke. Akakiwasha, akanuna hadi Masasi. Uwanjani nilikuwa pembeni yake, anaruka na kupiga kelele kama mtoto. Kununa nimekusamehe, mdogo wangu. Msimu ujao nibakizie kiti kilekile cha mbele.