Bunduki Mpya Haimpi Mtu Nafasi ya Kujuta



Katika pwani hii ya Kilwa na Lindi bunduki si kitu kigeni. Wazee wetu waliipokea bandarini kwa kubadilishana na pembe za ndovu na, haifai kuficha, kwa kubadilishana na wanadamu. Na hata leo, katika vijiji vya bara ya Kilwa, mkulima husikika usiku akifukuza nguruwe kwa gobore. Lakini bunduki hazilingani. Twataka kueleza tofauti iliyopo baina ya ile ya zamani na hii ya sasa, kwa kuwa tofauti hiyo yatuhusu sisi watu wa siasa kuliko inavyomhusu nguruwe.

Mwaka huu tulipata kibali, tukanunua bunduki mpya ya marisau, ya namna ile ijipakiayo yenyewe. Haja yetu ni shamba. Adhaniye kuwa hiyo ni anasa na akumbuke kwamba baina ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na Lindi ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wataalamu waliochunguza misiba hiyo, wakatoa taarifa yao mwaka 2005, walisema kwamba nguruwe ndiye amvutaye simba mashambani, na kwamba mauaji mengi yalitukia wakati wa mavuno, watu wakilala katika madungu kulinda chakula chao. Basi ahesabuye hasara ya nguruwe kwa magunia tu hajaihesabu yote.

Siku ya kwanza tuliijaribu kwa vifuu vya nazi, tumevipanga mbele ya kichuguu kikubwa ili marisau yasipotee. Mambo matatu tuliyaona. La kwanza, kitako kilitusukuma begani kwa nguvu kuliko tulivyotazamia, na masikio yakavuma hata alasiri. La pili, ganda liliruka upande wa kuume na risasi ya pili ikawa tayari mahali pake pasipo mkono wetu kufanya kazi yo yote. La tatu, na hili ndilo lililotushughulisha usiku ule, kidole kilikuwa kimekwisha tamani kupiga mara ya pili kabla jicho halijajua risasi ya kwanza imefika wapi. Risasi tano zaweza kutoka kabla moshi wa ile ya kwanza haujatawanyika.

Gobore halina tabia hiyo. Mwenye gobore hutia baruti, akatia tambara, akatia vipande vya chuma, akashindilia, akaweka fataki, kisha ndipo akalenga. Baina ya mlio na mlio mtu aweza kuisoma Alhamdu mpaka Amin. Katika muda huo hasira hupoa, moshi huondoka, na mpigaji huona alichokipiga: kama ni nguruwe, au ni ng'ombe wa jirani, au ni jirani mwenyewe. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Gobore humletea mtu mjukuu huyo angali na risasi moja tu ya kumjutia. Bunduki mpya humletea wakati tano zimekwisha kwenda.

Pwani yetu ilifunzwa tofauti hii kwa damu. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Wako wasemao kwamba watu wale walikuwa wajinga wa bunduki. La, magobore walikuwa nayo, na namna ya kumkabili mwenye gobore waliijua: ni kumrukia anaposhindilia. Wasichokizoea ni bombomu, litemalo risasi pasipo kupumzika, lisilompa adui nafasi ya kufika wala mpigaji nafasi ya kufikiri. Vita vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikisia wafu 75,000. Wataalamu wa baadaye wamefikisha makisio baina ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyofuata.

Ninyi ndugu wa Unguja na Pemba hamna haja ya kwenda mbali hivyo. Januari 2001 watu walitoka kuandamana kwa sababu ya uchaguzi wa 2000, na askari wakapiga risasi za moto. Tume iliyoundwa na Serikali ilihesabu wafu 31. Shirika la Human Rights Watch liliandika kuwa hawakupungua 35, na majeruhi zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Twauliza swali moja tu: katika risasi zile, ni ngapi zilizopigwa kwa shauri, na ngapi zilitoka kwa sababu kidole kilikwisha izoea ile ya kwanza?

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kadiri bunduki iendavyo mbio, ndivyo sheria ya kuipiga ipaswavyo kwenda polepole. Sisi raia, kabla ya kupewa kibali cha kufukuza nguruwe, tuliulizwa maswali mengi, nasi hatulalamiki. Lakini ambebeaye binadamu mwenziwe bunduki na aulizwe zaidi yetu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizokubaliwa Havana mwaka 1990 zasema askari atoe onyo lililo wazi na awape watu nafasi ya kulitii, na kwamba ahesabiwe silaha na risasi alizokabidhiwa. Sisi wenye maduka hilo twalifahamu vizuri. Bidhaa ikitoka rafuni bila kuandikwa, hiyo ni hasara au ni wizi. Basi kila risasi itokayo ghalani siku ya uchaguzi iandikwe daftarini pamoja na jina la aliyeichukua, na jioni irudi, au ielezwe ilikokwenda. Chama chetu kidai jambo hili kwa jina lake, katika kila kikao kinachozungumza habari za uchaguzi, kabla ya siku ya kura wala si baada ya mazishi.

Na kwa vijana wetu tuna neno pia. Wako wanaonong'ona kwamba mwenye bunduki hasikii ila mlio wa bunduki. Tumeushika mtambo huo, nasi twawaambia: haumpi akili aliyeushika, humwondolea muda wa kuitumia. Chama kitakachoingia katika mashindano hayo kitapoteza watu wake kwanza na haki yake baadaye. Silaha yetu ni kadi ya kura, hoja, na subira isiyolala.

Mkulima wa Kilwa apewe ulinzi wa shamba lake, na mpiga kura wa Pemba apewe ulinzi wa roho yake. Hayo ni madai mamoja, na mdaiwa wake ni mmoja.