Chakula cha Dhiki Kirudi Karamuni



Katika mikutano yetu hapa Maskati, chakula kikishaondolewa, wazee huchomoa vidonge vya kisukari mifukoni kama zamani walivyokuwa wakitoa tambuu. Jambo hili limezoeleka hata hatulioni tena. Mimi naona sababu moja yake ni haya: tumevifukuza vyakula vyetu bora kwa kuwa vinatukumbusha shida.

Waliokuwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanakumbuka mchele, unga na sukari vilivyogaiwa kwa kipimo. Nyumba nyingi zilishika muhogo, si kwa kuupenda bali kwa kukosa. Waliovuka bahari wakaapa kwamba watoto wao hawatalala na muhogo. Kiapo hicho nakifahamu wala sikidharau. Lakini hapo ndipo wali mweupe ulipokuwa alama ya uungwana, na kunde, mtama na mchicha vikasukumwa kwa mgonjwa na kwa mzee asiye na meno.

Daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alipokuwa Java katika miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa mpaka ukawa mweupe wakipooza miguu, kwa ugonjwa uliofanana na beriberi ya watu. Walipopewa mchele wenye ngozi yake ya ndani, walipona. Kilichokuwa kikitupwa ndicho kilichokuwa na dawa, nayo ni vitamini B1. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Mama zetu waliotwanga mpunga kwa kinu na mchi hawakuweza kuung'arisha kama mashine, hata wangetaka.

Beriberi si ugonjwa wetu leo. Wetu ni kisukari na presha. Hata hivyo nafaka iliyovuliwa ngozi hupoteza pia nyuzinyuzi, na wanga wake huingia damuni upesi. Tena sinia imejaa! Chuoni tulifundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Sinia zetu za harusi hazijaisikia hadithi hiyo.

Nisieleweke vibaya: muhogo wenyewe si dawa, mwingi wake ni wanga tu. Chenye protini ni kisamvu, nacho sharti kitwangwe na kuchemshwa sana, kwani majani mabichi yana sumu. Mbaazi kavu, kiasi cha moja ya tano ya uzito wake ni protini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutupa kalsiamu. Na mwenye kumeza dawa asiiache kwa sababu ya maneno yangu. Amwulize daktari wake kwanza.

Wengine husema vitu hivi havipatikani ugenini. Hao hawajaingia maduka ya Wahindi kule Ruwi, ambako uwele, mtama, choroko na mbaazi vinauzwa, na bei yake haimtishi mtu.

Hoja ya aibu ndiyo nzito zaidi, nami naijibu kwa bokoboko, ambalo Waomani huliita harisi. Hupikwa kwa punje za ngano na nyama, chakula cha kusongwa mpaka mkono uchoke, na hapana aliyewahi kuona haya kulipakua mbele ya bwana harusi. Basi heshima ya chakula tunaitia sisi wenyewe kwa mahali tunapokiweka.

Kwa hiyo nawaomba wapishi wa Iddi ijayo waweke katikati ya mkeka mbaazi za nazi, kisamvu, samaki wa kuchoma na mikate ya mtama, na tende badala ya soda. Mgeni atakayeuliza wali ulipo aonyeshwe: upo pembeni, katika sahani ndogo.