JE, KILA MSUGUANO NI ADUI?

Katika Fizikia twafundishwa kwamba msuguano hula nguvu za mashine. Basi wengi hudhani kuupunguza popote ni faida. Mimi napinga.

Likizo iliyopita nilimsaidia baba mdogo, fundi wa pikipiki hapa Migori, kuunda upya injini ya bodaboda inayobeba omena kutoka Homa Bay. Mwenye pikipiki alitaka iwe nyepesi.

"Fundi, toa ringi ya chini, halafu piga silinda msasa ing'ae kama kioo."

"Hizo ringi hazikuwekwa bure," baba mdogo akajibu.

Nikadakia, "Lakini baba, Fizikia imesema!" Tukamshinda kwa maneno.

Siku chache baadaye pikipiki ilirudi ikifuka moshi wa samawati, oili imekwisha. Kumbe ringi mbili za juu huzuia mgandamizo usivuje, na ya chini hukwangua oili ukutani. Tena, mikwaruzo midogo ya silinda hushika oili. Ukiifuta, ringi hukosa kilainisho. Kijana alikosa mapato ya wiki nzima kwa sababu ya mdomo wangu.

Maoni yangu ni haya: tupime kwanza nafuu ni kiasi gani na hasara ni ipi. Oili safi, cheni iliyolainishwa na magurudumu yenye upepo wa kutosha huokoa nguvu bila kuhatarisha injini.

Wenzangu, kuuliza si ujinga. Ningaliuliza kazi ya ringi, kijana yule angalienda Homa Bay siku ya soko.