Sinema ikijaa, uliza fedha za mlangoni ni za nani

Wafanyabiashara wanne wa vipuri hapa Kariakoo, watu ninaofahamiana nao kwa miaka mingi, wamekaribishwa kuingia ubia wa kujenga sinema ya kumbi mbili katika jengo jipya la maduka, kwenye mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Kila mmoja anatakiwa atoe shilingi milioni 40. Waliniletea mchanganuo wa kurasa kumi na mbili wakitaka maoni yangu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kurasa tisa zinaeleza viti, viyoyozi, ukubwa wa pazia na idadi ya vijana mjini. Neno "msambazaji" limetajwa mara moja tu, tena katika orodha ya wageni watakaoalikwa siku ya ufunguzi.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Anayejenga sinema hanunui filamu, anaikodi. Masharti ya kukodi ndiyo yanayoamua kama milioni 40 zitarudi au hazitarudi, na foleni mlangoni si kipimo cha jambo hilo.

Msomaji anayedhani natia chumvi aangalie yaliyotokea Uingereza. Julai 21, 2023 filamu za Barbie na Oppenheimer zilitoka siku moja. Kumbi zilijaa kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu kabla ya janga la korona, na Barbie peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani. Siku kumi baadaye, Julai 31, kampuni ya Cineworld, moja ya kampuni kubwa kabisa za sinema duniani, ilitoka kwenye ulinzi wa mahakama ya ufilisi ya Marekani ikiwa mikononi mwa waliokuwa wakiidai. Wenye hisa wa zamani hawakupata hata senti. Ni kweli kwamba kilichoiua ni madeni, hasa baada ya kuinunua kampuni ya Regal ya Marekani mwaka 2018 kwa dola bilioni 3.6, halafu korona ikafunga milango. Lakini tujiulize kwa nini deni linaiangusha sinema upesi kiasi hicho. Jibu ni kwamba katika kila tiketi inayouzwa, fungu linalobaki kwa mwenye ukumbi ni dogo kuliko mtu wa nje anavyofikiri.

Biashara yenyewe huenda hivi. Mwenye filamu hauzi kitu, anatoa leseni. Leseni hukatwa vipande kwa nchi, kwa muda, na kwa njia ya kuonyesha: sinema peke yake, televisheni peke yake, ndege peke yake, intaneti peke yake. Kwa eneo letu, filamu kubwa za Marekani kwa kawaida hupitia kwa wasambazaji walioko Nairobi au Afrika Kusini, ambao nao wana wakubwa wao wa kuwatolea hesabu. Mwenye ukumbi hulipa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni baada ya kodi kutolewa. Asilimia hiyo huwa juu wiki ya kwanza, kisha hushuka. Ipo pia mikataba ya mgawo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na ipo ile ya zamani ya Marekani ambayo gharama za ukumbi zilizokubaliwa hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa 90 kwa mwenye filamu na 10 kwa mwenye ukumbi.

India walifikishana pabaya kwa jambo hili hili. Kuanzia mwanzoni mwa Aprili 2009, watengenezaji wa filamu za Kihindi walizinyima filamu mpya sinema za kisasa zenye kumbi nyingi. Walitaka nusu kwa nusu kwa muda wote filamu inapoonyeshwa. Mgomo ulikwenda kama miezi miwili, kumbi zikakaa tupu katika msimu wa likizo, hadi Juni walipoafikiana: asilimia 50 kwa mwenye filamu wiki ya kwanza, 42.5 wiki ya pili, 37.5 wiki ya tatu, na 30 kuanzia ya nne. Watu hawafungi biashara miezi miwili kwa kugombea vijisenti.

Tufanye hesabu ya kwetu. Hizi si takwimu za sinema yoyote, ni mfano wa kuonyesha njia. Tuseme tiketi ni shilingi 11,800, yaani 10,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Filamu moja inauza tiketi 1,000 wiki ya kwanza, 500 ya pili, 250 ya tatu na 100 ya nne. Mlangoni zimeingia milioni 18.5 baada ya kodi. Kama mgawo wa msambazaji ni asilimia 60, kisha 50, 40 na 30, yeye anachukua milioni 6, halafu 2.5, halafu 1, halafu laki 3. Jumla milioni 9.8. Ninyi mnabaki na milioni 8.7, na humo hamjalipa pango, umeme, mishahara, wala riba ya benki kwa mashine za kuonyeshea. Ule mchanganuo wa kurasa kumi na mbili umeandika milioni 18.5 zote kuwa ni "mapato ya kampuni".

Sasa angalia wiki ya nne. Ndiyo wiki mwenye ukumbi anayopata asilimia 70, na ndiyo wiki watu wamekwisha. Hili si bahati mbaya. Tangu filamu ya Jaws ilipofunguliwa Juni 20, 1975 katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, ikitanguliwa na matangazo mazito ya televisheni, studio za Marekani zilishika mtindo wa kumimina fedha za matangazo zote mbele. Zamani filamu ilianza kwenye miji mikubwa ikasambaa taratibu, sifa zikienda mdomo kwa mdomo. Siku hizi kila kitu kinasukumwa kwenye Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya kwanza, na ndizo siku mgawo wa mwenye filamu uko juu. Kwa hiyo mtu akikwambia "matangazo yanafanywa na studio, sisi hatutoi hata senti", ni kweli, lakini matangazo hayo yanaleta watu katika wiki isiyo yako. Sinema hunufaika zaidi na filamu inayodumu wiki nane kwa watu wa wastani kuliko ile inayofurika siku tatu na kufa.

Msambazaji mwenye filamu inayotamaniwa na wote pia haombi, anaagiza. Magazeti ya biashara ya Marekani yaliripoti mwaka 2017 kwamba Disney ilitaka asilimia 65 kwa filamu ya Star Wars: The Last Jedi, pamoja na sharti kwamba ikae katika ukumbi mkubwa kuliko wote kwa wiki nne. Atakayevunja sharti aongeze asilimia 5. Katika mji mkubwa hilo linavumilika. Katika mji mdogo, ambako wanaotaka kuiona filamu hiyo wamemalizika ndani ya siku kumi, ukumbi wenu mkubwa utakuwa unaonyesha viti vitupu kwa siku kumi na nane zinazobaki, na filamu nyingine inayopendwa inasubiri nje. Mwenye kumbi mbili kama hawa ndugu zangu amefungwa nusu ya duka lake.

Kuna na mtindo wa kufungasha: ukitaka filamu moja nzuri, chukua na tano mbovu. Ni sawa na mwenye duka la jumla anayekwambia hupati sukari bila katoni ya sabuni isiyotoka. Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilishughulikia jambo hilo katika kesi ya Paramount mwaka 1948, na amri zilizofuata zikazibana studio kwa zaidi ya miaka 70. Amri hizo zilifutwa mwaka 2020, na kipengele cha kufungasha kikapewa miaka miwili ya mpito. Sisemi kwamba kesho yake kila msambazaji alianza kufungasha. Nasema ukutane na mkataba ukijua kwamba mchezo huo ni wa zamani.

Wazee watasema mbona zamani sinema zililipa. Zililipa kweli. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox, na filamu ya Kihindi ikishika ilirudiwa hadi watu wanakariri maneno. Kopi moja ya filamu iliweza kuhudumia kumbi mbili kwa usiku mmoja, kijana wa baiskeli akikimbiza mikebe kutoka ukumbi huu hadi ule, na watazamaji wakipiga miluzi akichelewa. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo ilikuja kushika uingizaji na usambazaji. Baadaye video ikaingia majumbani, halafu mwaka 1994 televisheni za watu binafsi zikaanza Bara, na kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine. Baiskeli nayo haina nafasi tena. Siku hizi filamu huja kwenye diski iliyofungwa kwa namba za siri, na msambazaji hutuma ufunguo unaofanya kazi kwenye mashine iliyotajwa tu, kuanzia saa fulani ya tarehe fulani hadi saa fulani. Muda ukiisha, filamu haifunguki hata kama ukumbi umejaa na fedha mmeshapokea. Ukichelewesha malipo ya filamu iliyopita, usishangae ufunguo wa inayofuata ukichelewa nao.

Na muda wenyewe umefupishwa. Kabla ya korona, mwenye sinema Marekani alikuwa na kiasi cha miezi miwili na nusu hadi mitatu kabla filamu haijaingia majumbani. Julai 2020, AMC na Universal waliafikiana kwamba siku 17 zinatosha kabla ya filamu kuanza kukodishwa majumbani. Katika mfano wetu, siku 17 zinaishia katikati ya wiki ya tatu, pale ambapo mgawo wa ukumbi ndio kwanza unaanza kunona. Na kwetu, filamu ikishafika mtandaoni Marekani, vibanda vya kuingiza filamu kwenye simu vinakuwa nayo kabla ya jua kuzama.

Basi kinachoiweka sinema mjini ni nini? Ni bisi. AMC, yenye kumbi nyingi kuliko kampuni yoyote duniani, iliuza mwaka 2019 tiketi za karibu dola bilioni 3.3, ikawalipa wenye filamu karibu bilioni 1.7, yaani zaidi ya nusu. Vyakula na vinywaji viliingiza kama bilioni 1.7 nyingine, lakini bidhaa zenyewe ziligharimu kiasi cha dola milioni 280 tu. Hakuna msambazaji anayegusa fedha ya kaunta. Tukirudi kwenye mfano wetu, watazamaji 1,850 wakitumia shilingi 4,000 kila mmoja baada ya kodi, ni milioni 7.4. Kwa uwiano ule wa AMC bidhaa zitagharimu milioni 1.2 hivi, na kaunta inabakiza milioni 6.2. Hapo kaunta inaanza kulipa pango. Hata hivyo AMC ilifunga mwaka huo kwa hasara, na baada ya korona ilinusurika kwa kuwauzia hisa mpya watu wadogo waliokuwa wakizigombea mwaka 2021. Wengi wa watu hao walinunua kwa mapenzi. Waulize leo.

Nisionekane ninakataa kila kitu. Oktoba 2023 AMC yenyewe iligeuka msambazaji wa filamu ya ziara ya mwanamuziki Taylor Swift, studio zikarukwa kabisa. Iliripotiwa kwamba asilimia 57 ya tiketi zilikwenda upande wa mwanamuziki na 43 zikabaki kwa kumbi, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 260 duniani. Funzo ninaloliona mimi kwa mji wa Kanda ya Ziwa si Taylor Swift. Ni kwamba mwenye ukumbi aliyemfuata mwenye kazi moja kwa moja aliweza kujadiliana. Mtengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam au wa Mwanza hana Disney nyuma yake. Anaweza kukubali nusu kwa nusu kwa wiki zote, akaja mwenyewe na waigizaji wake siku ya kwanza, na akaruhusu Jumamosi irudiwe. Filamu hiyo nayo inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa hiyo karatasi zake zikaguliwe, na mkataba useme wazi kwamba haki ya sinema ni ya mwenye ukumbi kwa siku kadhaa kabla haijawekwa mtandaoni.

Kwa hiyo sikuwaambia wenzangu waweke fedha wala wasiweke. Niliwarudisha kwa mwenye mchanganuo wakamwombe barua moja ya msambazaji yenye mgawo wa kila wiki, idadi ya wiki za lazima katika ukumbi mkubwa, na amana inayotakiwa kabla ya filamu ya kwanza. Nilimwomba pia mwenye jengo aulizwe kama duka la bisi na soda liko ndani ya mkataba wa sinema, au amempangisha mtu mwingine hapo hapo mlangoni. Hilo la pili limejibiwa juzi: amempangisha mtu mwingine. Barua ya msambazaji bado inasubiriwa, na Ijumaa haijasogezwa mbele.