NOTI NI YETU, MTAMBO NI WA NANI?

Katika mkutano wa tawi letu hapa Songwa alisimama mama mmoja mzee akafungua fundo la kanga yake. Ndani yake zilikuwamo noti za toleo la mwaka 2003, fedha ya pamba yake aliyoitunza kwa miaka mingi. Akawauliza viongozi waliokaa mezani: "Wanangu, dukani wamezikataa. Je, hizi si fedha za Serikali?"

Hapakuwa na jibu jema la kumpa. Benki Kuu ilikwisha kutangaza kwamba noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya Sh. 500/- ya mwaka 2010, zibadilishwe katika mabenki kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili, 2025. Siku hizo zilikwisha kupita. Akiba ya mama yule imekuwa makaratasi.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu mwingine. Lawama ni yetu. Tangazo lilisomwa redioni na kuandikwa magazetini, na sisi tulilisoma. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyelipakia kwenye baiskeli akalifikisha mlangoni kwa mama yule. Chama kisichofika mlangoni kwa mkulima kina kazi gani?

Lakini swali la mama ni kubwa kuliko fundo lake. Fedha ya Serikali ni kitu gani? Nani aichora, nani aichapa, na faida ya kazi hiyo yaenda wapi? Yafaa kila mwanachama ajue.

Kuanzia mwaka 1919 fedha ya Afrika ya Mashariki ilitawaliwa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London, nayo haikuhamia Nairobi mpaka mwaka 1960. Mkulima wa Shinyanga aliuza pamba yake akapewa noti yenye picha ya Mfalme wa Uingereza, na baadaye ya Malkia. Mwaka 1961 tulipandisha bendera yetu, lakini mfukoni tuliendelea kubeba fedha ya Bodi ile. Ndipo tarehe 14 Juni, 1966, Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Gavana wake wa kwanza, Ndugu Edwin Mtei, ikatoa noti zetu za kwanza: Sh. 5/-, 10/-, 20/- na 100/-, zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Ilikuwa siku ya heshima. Hata hivyo noti zile zilichapwa na kampuni ya Uingereza, Thomas De La Rue. Sura ilikuwa yetu, mtambo ulikuwa wa wengine. Na mpaka leo noti zetu zachapwa ng'ambo.

Ndugu msomaji, toa noti ya Sh. 5,000/- uitazame. Mbele yuko kifaru. Nyuma uko mgodi wa dhahabu wa Geita. Jasho la watu wa upande wetu huu limechorwa pale, likatembea mpaka Mtwara na Pemba. Sasa ipapase. Hiyo si karatasi ya miti, ni ya pamba. Nyuzi fupi za pamba, zile zinazosalia viwandani, huoshwa na kupondwa mpaka zikawa rojo. Wakati huo huo hutiwa alama ya maji na uzi wa usalama. Karatasi ikikauka huchapwa rangi za chini, kisha hukandamizwa kwa nguvu juu ya bamba la chuma lililochongwa, hata wino ukainuka. Ndiyo sababu kidole chako chasikia mikwaruzo. Mwisho hupigwa namba.

Pamba twalima sisi. Dhahabu twachimba sisi. Lakini pamba yetu nyingi huondoka ikiwa marobota, na noti hurudi ikiwa imekwisha kuchapwa, nasi tumelipa.

Wako ndugu wanaouliza: kwa nini nasi tusitumie noti za plastiki? Swali hili si la kudharauliwa. Australia ilitangulia mwaka 1988, kwa kuwa noti zake zilipata kughushiwa mwaka 1966. Ilipofika mwaka 1996 noti zake zote zilikuwa za plastiki. Zambia ilianza mwaka 2003, Naijeria mwaka 2007, Misri mwaka 2022. Noti hizo hazinywi jasho wala tope, zikichafuka hupanguswa. Zina kidirisha kinachopenya mwanga, ambacho mghushi hukiiga kwa taabu. Benki Kuu ya Uingereza husema kwamba hudumu angalau mara mbili na nusu ya noti za karatasi. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, ambaye noti yake hukaa mfukoni na matope siku nzima, anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini tusisifu mvua kabla haijanyesha. Noti ya plastiki hugharimu zaidi siku ya kununuliwa. Ikikunjwa sana kunjo haliondoki, na ikikaribia moto hujikunyata. Tena plastiki hiyo ni zao la mafuta ya petroli, na wanaoitengeneza duniani ni makampuni machache. Kuhama kutoka karatasi ya wengine kwenda plastiki ya wengine si kujitegemea. Ni kubadili duka tu.

Sisi twaona hivi. Kwanza, atakayependekeza plastiki aweke hesabu hadharani, Bungeni na mbele ya wananchi: bei yake, umri wake katika joto na vumbi letu, na nani atakayetuuzia.

Pili, suala la mtambo tulitazame pamoja na jirani zetu. Kiwanda cha De La Rue kilichokuwa Ruaraka, Nairobi, kilisimamisha kazi mwaka 2023 kwa kukosa maagizo ya noti. Funzo ni dhahiri: nchi moja peke yake yaweza kushindwa kukilisha kiwanda cha namna hiyo. Lakini nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zilitia sahihi mapatano ya umoja wa fedha huko Kampala tarehe 30 Novemba, 2013. Fedha moja ilitazamiwa mwaka 2024, sasa yatazamiwa mwaka 2031. Je, fedha hiyo nayo itachapwa ng'ambo? Huu ndio wakati wa kuuliza, kabla mkataba haujaandikwa.

Wala mtu asituambie kwamba haiwezekani. Zamani ilisemwa hivyo hivyo juu ya kusafisha dhahabu. Leo Mwanza pana kiwanda cha kusafishia dhahabu, na tangu Oktoba 2024 wenye dhahabu wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu.

Tatu, iko kazi isiyohitaji mtambo wala mkataba. Kila tawi lichague watu wawili wa kusoma matangazo ya Serikali mnadani, kwenye magulio na kwenye vituo vya kuuzia pamba, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na kuwafikia wazee wasioweza kutoka nyumbani. Tuwafundishe watu wetu kuitambua noti halali kwa kuitazama, kuipapasa na kuiinua kwenye mwanga. Na noti tusizifunge mafundo wala kuziandika. Kila inayochakaa mapema hununuliwa tena kwa kodi yetu.

Mama yule alifunga tena fundo lake akaenda zake bila kutukana mtu. Tusimsahau. Siku noti nyingine zitakapoitwa kurudi benki, na siku hiyo itakuja, asibaki mama hata mmoja wa Songwa ambaye hatukumpigia hodi.